Bei Iandikwe

Ukutani kwangu, Majengo, niliandika kwa chaki:
Kizuri chajiuza.
Nikakaa chini yake miaka sita
nikisukuma mashine ya kufuma, kra-kra, kra-kra,
masweta ya shule, kijani, mstari wa njano shingoni,
nikingoja kizuri kijiuze.

Kilikaa kimya. Kizuri hakina mdomo.

Haikaeli, binti wa dada yangu, alikuja likizo
na simu yenye ufa wa kona hadi kona.
Akausoma ukuta, akaguna.
"Mama mdogo, nani anajua upo?"
Nikamjibu: mtaa mzima.
"Mtaa mzima umeshavaa sweta."

Picha ya kwanza tulipiga usiku, chini ya taa.
Kijani kikatoka cheusi, sweta la msiba.
Asubuhi tukalitundika mlangoni,
jua likija kutoka upande wa Himo,
na kila tundu la uzi likaonekana,
hata pale nilipokosea nikafumua nikarudia.
Nikasema, hapo pafiche.
Akasema, paache:
mtu akiona mkono wa mtu, haogopi kununua.

Chini yake nikaandika: Sweta zuri. Bei njoo inboksi.
Akafuta.
"Ukienda Mbuyuni ukauliza bei ya nyanya,
mwenye nyanya akakwambia njoo pembeni nikunong'oneze,
utanunua?"
Basi nikaandika: elfu kumi na nane,
darasa la kwanza hadi la nne.
Kidole kilitetemeka
kana kwamba nimeanika pochi yangu kwenye kamba.

Ramani nayo ilituweka pasipo petu.
Mzee Ndekirwa alishuka kutoka Kibosho akapiga simu:
"Mama, nimesimama golini,
watoto wananipigia kelele nitoke,
duka liko wapi?"

Haikaeli aliporudi chuoni nikajifanya mjuzi.
Nikalipia tangazo elfu tano, nikachagua: watu wote.
Mioyo ikamiminika, mia nne na kumi na miwili,
mingine kutoka Lindi, ambako sweta ni adhabu,
mingine kwa herufi nisizozijua.
Nikahesabu mioyo hadi mboga ikaungua.
Sweta hata moja halikutoka.
"Umepiga kengele Lindi," aliniambia kwenye simu,
"unangoja wanafunzi wa Uru."

Mwezi wa tano, kabla baridi haijashuka mlimani,
nikaweka elfu mbili tu:
Moshi, Uru, Kibosho, wazazi.
Yakatoka tisa.

Halafu huyu mama, Eliawony, akaandika mbele za watu:
Limechuja. Shati la mwanangu limekuwa kijani.
Kidole changu kilikuwa juu ya neno futa,
na nafsi ikisema, futa, nani ataona?
Lakini uzi ule niliujua.
Niliununua kwa sababu ulikuwa rahisi.
Nikaandika palepale, chini ya maneno yake:
Ni kweli. Kosa ni langu. Jumamosi nakuletea jingine.

Nilipanda Uru na sweta na mche wa sabuni.
Hakutabasamu. Alilivuta shingoni, akalilowesha kwenye beseni,
tukayatazama maji, sote wawili, kama wagonjwa wangojao majibu.
Yakabaki maji.
Nikamwomba ruhusa niandike namba yake daftarini,
nimwambie mwaka ujao shule zikikaribia kufunguliwa.
Akasema, "Mara moja tu. Usinisumbue kila siku."
Nimeandika hivyo pia, kando ya namba yake.

Methali sijaifuta ukutani.
Nimeongeza tu chini yake, kwa chaki ileile: 18,000.

Jana, saa tano usiku, mashine imelala,
simu ikatikisika juu ya mabonge ya uzi.
Jina geni, picha ya ua badala ya uso,
neno moja:
Upo?

Nikafuta mikono kwenye khanga.
Nipo. Majengo, mlango wa bluu,
mkabala na mashine ya kusaga.
Mtoto yuko darasa la ngapi?